Kesi ya Mvua

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa Maswa, kijiji kizima kilitoka nje kuyatazama, na Lukresia akaingia ndani. Alikaa sakafuni kati ya kitanda na gunia la mbegu za pamba, magoti kifuani, moyo ukimwenda mbio. Nje mama mkwe wake alikuwa akiyakaribisha mawingu kwa sauti kama wageni wa harusi. Ilikuwa wiki ya tatu ya Novemba na ardhi ya Mwamapalala haijapata tone.

"Mama Kija!" aliita mumewe, Mahona. "Toka tufunge maksai. Ikinyesha tu tunaingia shambani."

"Nakuja."

Hakwenda. Mahona alisubiri, akaita tena, kisha akamwita binti yao Kija, mwenye miaka kumi, akampa kamba ya kuongozea maksai. Kamba hiyo ilikuwa kazi ya Lukresia. Mwaka uliopita, mwezi kama huo, alikuwa ameishika mbele ya jozi mbili radi ilipopiga. Maksai wanne walianguka pale pale wakiwa na nira shingoni. Yeye alirushwa kando, akaamka masikio yakimvuma, hana hata mkwaruzo. Watu walikuja kwa makundi kumpa Mahona pole ya ng'ombe. Lukresia hakupewa pole, maana hakufa, na wapo waliomtazama kwa jicho la pembeni wakijiuliza imekuwaje radi iue ng'ombe wanne wenye nguvu imwache mwanamke aliyewatangulia.

Tangu hapo wingu likitanda, mikono ilimtetemeka na pumzi ilikata. Mke wa mkulima anayeogopa mawingu! Hata yeye mwenyewe aliona haya kulisema.

Lakini siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi saa kumi alikuwa na miadi. Alivuta pumzi akihesabu moja hadi nne, akaishikilia, akaitoa akihesabu tena. Alifanya hivyo mara sita. Mara ya saba aliweza kusimama. Alichomoa simu kwenye sola, akajitanda khanga, akatoka.

Mama mkwe, bibi Salu, alikuwa uani akichambua choroko kwenye ungo.

"Shambani huwezi," alisema bila kuinua macho, "ila matembezini unaweza."

"Nakwenda pale josho, mama. Hapa simu haishiki."

"Miaka yangu yote simu haijanishika, na sijafa."

Lukresia alikaza khanga. Alipita karibu na zizi, mahali Mahona alipokuwa akimwonyesha Kija namna ya kuishika kamba, na mume na mke wakatazamana kidogo. Mahona ndiye aliyeondoa macho kwanza.

*

Josho lenyewe lilikuwa limekufa siku nyingi. Lilijengwa enzi za ushirika, ng'ombe wa vijiji vitatu wakipita hapo kuogeshwa kwa zamu. Ushirika ulipokufa, dawa ikaacha kuja, na kila mwenye ng'ombe akaambiwa ajitegemee. Sasa watu walinunua dawa madukani Bariadi wakanyunyizia kwa bomba la mgongoni, kila mtu na kupe wake. Soko huria lilileta mambo mengi, wanunuzi wa pamba wanne wenye mizani nne tofauti, na simu pia. Minara ya simu, hata hivyo, ilifuata wateja mjini. Kijijini kwao mtandao ulifika mahali pamoja tu, juu ya ukuta wa saruji wa josho, penye mwinuko, na hapo napo sharti uelekee kaskazini na kuinua mkono kidogo.

Lukresia alipanda ukutani, akainua simu, akasubiri vile vijiti viwili vya mtandao vitokee. Vilipotokea, simu ikaita.

Dada Specioza alikuwa mshauri wa saikolojia, yuko Mwanza. Lukresia hakuwahi kumwona ila kwenye kipicha cha duara cha watsapu, mwanamke mnene mwenye miwani. Namba yake aliipata hospitalini Bariadi, baada ya vipimo vya moyo kutoonyesha kitu. Muuguzi mmoja, Philomena, ndiye aliyemvuta pembeni. "Moyo wako mzima, mama. Aliyeumia ni wewe," alimwambia. "Wapo washauri wanaozungumza na watu kwa simu, bure kabisa, wewe unaweka bando tu. Usione haya." Akamwandikia namba nyuma ya kadi ya kliniki.

Aliona haya wiki tatu nzima. Kisha siku moja akaandika: *Naogopa mawingu. Usinicheke.* Jibu lilikuja: *Sicheki. Niambie, yakija, mwili wako unafanya nini?* Lukresia aliusoma ujumbe huo mara nne pale ukutani, akalia. Wote waliomwuliza walitaka kujua siku ile alifanya nini. Huyu alikuwa wa kwanza kumwuliza alifanywa nini.

"Yapo?" aliuliza Specioza sasa.

"Yapo. Meusi."

"Unataka kufanya nini?"

"Kukimbia."

"Utakimbia, ruksa. Ila baada ya hamsini. Wiki jana tulifika thelathini. Yatazame, nami niko hapa. Na kile nilichokufundisha juu ya umeme, hebu nikumbushe."

"Ukimulika, nahesabu polepole mpaka ngurumo isikike. Ikizidi thelathini, radi iko mbali, sikimbii. Isipofika thelathini, naingia ndani."

"Na ukiingia ndani hapo siyo hofu. Hapo ni akili. Hofu ni ile inayokufungia chumbani wakati radi iko Shinyanga."

Lukresia alicheka kidogo, akashangaa kujisikia akicheka. Umeme ulimulika mbali. Aliinua mkono wa kushoto, akawa anahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza, macho juu. Thelathini na nane. Ndipo ngurumo ikasikika. Akaendelea hadi hamsini.

"Mumeo umemwambia?" aliuliza Specioza mwishoni.

"Anajua kuwa naogopa."

"Anajua *kuwa* unaogopa. Anajua *unavyoogopa*?"

"Akiniuliza, nitamwambia."

"Labda na yeye kuna jambo anasubiri aulizwe. Jaribu wewe kuanza, hata kwa neno moja."

Alipokuwa akihesabu, njiani chini ya mwinuko alikuwa anapita Mektilda, jirani yao, akimswaga punda mwenye madumu ya maji. Mektilda alikuwa ameteka maji ya tope tangu saa nne asubuhi, tena kwa kugombana, na sala yake yote ya siku hiyo ilikuwa kwenye yale mawingu. Aliinua macho, akaona mtu amesimama peke yake juu ya josho la zamani, uso mbinguni, mkono mmoja sikioni na mwingine juu, vidole vikifunguka na kufumba, midomo ikisema maneno. Kisha akayaona mawingu yanakatika katikati na kupotelea upande wa mashariki.

Alipiga alama ya msalaba, akamchapa punda.

*

Alhamisi iliyofuata Mektilda alimwita mwenzake wakatazame wote. Alhamisi ya tatu walikuwa tisa, wamejibanza nyuma ya ukingo wa minyaa. Mawingu yalikuja, mwanamke akainua mkono, mawingu yakaondoka. Wangetazama na siku nyingine za wiki wangeona mawingu yalikuwa yanaondoka hata Jumanne, hata Jumapili baada ya misa, lakini hakuna aliyekuwa na haja ya Jumanne. Maneno yalienda kisimani, yakaenda kilabuni, yakarudi yameota mapembe: mke wa Mahona anafunga mvua. Radi haikumwacha bure mwaka jana, walipatana.

Jumatano jioni Kamanda wa sungusungu mwenyewe alifika kwa Mahona. Aliitwa Mboje, mzee wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, upinde mgongoni, mtu ambaye wezi wa ng'ombe walimwogopa kuliko polisi. Familia ilikuwa kwenye ugali.

"Mwadila," alisalimu.

"Mwadila, Kamanda. Karibu ugali."

"Nimeshiba." Hakukaa. "Kesho saa tisa, kule kule josho. Mke wako ana shauri."

"Shauri gani?" aliuliza Mahona.

"La mvua."

Kija aliacha kutafuna. Bibi Salu aliweka tonge chini.

"Akionekana ana hatia?" Mahona aliuliza tena, sauti imeshuka.

"Unajua sheria yetu. Siku saba awe amehama. Mkigoma, hakuna wa kuwapa moto wala kuchota nanyi kisima kimoja, na mkifiwa mtazika wenyewe." Kamanda alimtazama Lukresia kwa mara ya kwanza. "Jiandae, mayu," akasema, kwa heshima ya kumwita mama.

Alipoondoka, bibi Salu ndiye aliyeanza. Mwanamke huyu hakuwa mbaya, alikuwa tu amezeeka akiona jinsi mambo yanavyomalizwa.

"Kubali," alisema. "Sema shetani alikupitia. Tutoe mbuzi, wachinje wale, yaishe. Mbuzi tunaye."

"Nikubali nini, mama? Kwamba nimefunga mvua?"

"Neno tu hilo."

"Mwaka kesho wakikosa mvua tena, watakuja kwa nani? Si watakuja kwa yule aliyekubali?"

Bibi Salu alilichukua tena tonge lake, maana mashauri mawili matatu aliyokuwa ameyaona ujanani yalikuwa yamekwenda hivyo hasa.

"Basi waambie ukweli," alisema Mahona. "Kwamba unaongea na wa hospitali. Kwamba una… una ule ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Sema."

Mahona alikwangua chini kwa kidole.

"Nikinyamaza mimi mchawi, nikisema mimi kichaa," alisema Lukresia. "Wewe unaona lipi litakupendeza, baba Kija? Nichagulie."

Alikuwa anatetemeka, na safari hii hapakuwa na wingu hata moja. Alijisikia hasira, hasira safi iliyomtoka tumboni, na akagundua kwamba hasira hiyo ilikuwa imekaa mahali pale pale hofu ilipozoea kukaa. Ndipo akakumbuka aliyoambiwa, kuanza hata kwa neno moja.

"Mwaka mzima hujaniuliza siku ile ilikuwaje," alisema.

"Niliogopa kukuuliza."

"Kwa nini?"

Mahona alinyanyuka, akasema anakwenda kutazama zizi. Alikaa huko mpaka ugali ukapoa.

*

Siku ya pili, saa tisa, wanaume walikuwa wamekaa juu ya kuta za josho, miguu ikining'inia ndani ya handaki walimokuwa wakiogelea ng'ombe. Wanawake walikaa chini kwa upande mmoja. Kulikuwa na banda bovu la mabati pembeni, la kuhifadhia dawa enzi hizo, na hilo ndilo lililokuwa kivuli pekee. Lukresia alisimamishwa katikati, juani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Simu aliishika mkononi.

Mektilda alitoa ushahidi. Hakusema uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililoutia ushahidi wake sumu. Alisema alichokiona: mkono juu, vidole, midomo, mawingu. Wenzake wanane walisema hivyo hivyo.

"Una la kusema?" aliuliza Kamanda Mboje.

"Nilikuwa naongea na simu."

"Na nani?"

"Mshauri. Yuko Mwanza. Nina shida yangu, ananisaidia."

"Shida gani?"

"Yangu."

Miguno ilipita. Mzee mmoja alisema kwamba zamani watu walimwendea mfumu, mganga anayejulikana nyumba yake, lakini siku hizi ufumu umeingia kwenye simu, huwezi kujua hata anakaa wapi.

"Mpigie," alisema Kamanda. "Weka sauti kubwa. Tumsikie huyo mtu wako, aseme mbele yetu unamwambia nini na yeye anakuagiza nini. Kama ni safi, utakwenda nyumbani."

Lukresia alitazama upande wa wanaume akamtafuta mumewe. Mahona alikuwa mwisho wa ukuta, kichwa chini. Basi akapanda ukutani mahali pake, akaelekea kaskazini, akapiga. Simu ikaita mara tano.

"Haloo, Mama Kija. Mbona leo mapema?"

"Dada, niko na watu hapa. Sungusungu. Wanataka uwaeleze mimi na wewe tunaongea nini."

 Kisha sauti ya Specioza ilitoka pale, na ilikuwa imebadilika, imenyooka.

"Wazee wangu, shikamooni."

Wachache waliitikia marahaba, kwa mazoea tu.

"Nasikitika. Siwezi kueleza."

"Mimi ndiye Kamanda hapa!" Mboje alisema kwa nguvu, kana kwamba Mwanza ingesikia bila simu. "Nakuamuru useme. Huyu mama amekuambia nini?"

"Baba, nakuheshimu. Lakini anachoniambia mtu ni chake. Simwambii mume wake, simwambii mama yake, simwambii padri wake, na wewe sitakuambia."

"Mwenyewe anaruhusu! Mama Kija, si unaruhusu?"

"Naruhusu," alisema Lukresia.

"Mtu aliyezungukwa na watu hana ruhusa ya kutoa," alisema Specioza. "Akitaka kusema, atasema mwenyewe, kwa kinywa chake. Mimi sina kinywa cha kumsemea."

"Tukimfukuza kijijini kwa sababu yako?"

 Wanawake waliokuwa wakinong'ona waliinua vichwa.

"Mtakuwa mmemwonea, nami nitampigania kwa njia zote ninazozijua. Lakini siri yake sitaitoa. Baba, hata wewe ungenipigia kesho ukaniambia lako, wakaja watu mia kuniuliza, nisingewaambia hata kwamba nakufahamu."

Kamanda Mboje aliuhamisha upinde bega la pili.  Kijijini hapo ukipiga chafya kwako, jirani anakuitikia afya kwake. Mambo ya ndani ya kila nyumba yalijulikana kisimani kabla jua halijatua. Wengi wao walikuwa hawajapata kumsikia mtu mwenye siri akiombwa na wakubwa, mbele ya umati, akasema hapana. Mtandao ukakatika wenyewe, simu ikazima kipicha cha yule mama mnene.

"Mmesikia," alisema Lukresia. Sauti yake ilimshangaza kwa ukubwa wake. "Yeye hasemi. Basi nasema mimi, na ninasema kwa sababu nataka, wala siyo kwa sababu mmeniita."

Na mawingu nayo, kama watu wasio na adabu wanaoingia mkutanoni kwa kuchelewa, yalikuwa yamefika. Upande wa Maswa kulikuwa kumeshika weusi. Upepo uliinua vumbi la josho. Umeme ulimulika, na watu wakaanza kuteremka kuta wakielekea kwenye banda la mabati, wanaume kwa wanawake, kwa haraka ya watu wasiotaka kuonekana wana haraka.

Lukresia alishuka ukutani lakini hakuwafuata. Alisimama pale chini, akainua mkono wa kushoto mbele ya macho yao wote.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

"Anaanza! Mwoneni!" alipiga kelele Mektilda.

"Kumi na moja. Kumi na mbili. Nahesabu, Mektilda. Hesabu na wewe, siyo siri. Kumi na tano…" Alihesabu hadi thelathini na sita, ndipo ngurumo ikasikika, nzito na ya mbali. "Ikizidi thelathini iko mbali, haiwezi kukupiga. Haya ndiyo maneno ninayoyasema hapa. Haya ndiyo mliyojificha minyaani wiki tatu kuyasikiliza."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu. Ilikuwa inatetemeka kuanzia mabegani, simu ikicheza kiganjani, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni ingawa upepo ulikuwa wa baridi.

"Itazameni. Mwaka jana radi iliua ng'ombe wanne niliokuwa nawaongoza, na tangu hapo wingu likija mwili wangu unakuwa hivi. Mwaka mzima! Nimejifungia ndani kama kuku, mtoto wangu anashika kamba yangu. Huyo dada ananifundisha kusimama, basi. Nyinyi ni wakulima, mna akili. Mtu anayeamuru mvua ndiye anayeiogopa hivi?"

 Banda lilikuwa limejaa, watu wamebanana, na yeye alikuwa peke yake nje. Halafu mmoja alijipenyeza kutoka nyuma, akiwasukuma wenzake, akatoka. Alikuwa Mahona. Alikuja akasimama kando ya mke wake, akauchukua mmoja wa ile mikono na kuushika.

"Kamba ile ilikuwa yangu siku hiyo," alisema akiwaelekea wale wa bandani, lakini alikuwa anamwambia mkewe. "Tulipanga niongoze mimi, yeye alime. Nikampa aishike, nikasema nakwenda mara moja kunywa maji, nikakuta watu wanacheza bao, nikakaa. Mwaka mzima nimeshindwa kumwuliza ilikuwaje kwa sababu ningejibiwa. Kama kuna wa kuhama, nihamisheni mimi. Yeye hahami."

"Unanivunja vidole," alisema Lukresia kwa sauti ndogo.

"Samahani."

Umeme ulimulika tena. Walihesabu wote wawili, na Kija, aliyekuwa amesimama karibu na bibi yake, naye akahesabu kwa sauti kama darasani. Arobaini na moja. Mawingu yalikuwa yanakwenda zake. Halikudondoka hata tone.

"Mnaona?" mtu alisema bandani. "Yameondoka!"

"Yamekwenda Meatu," alijibu Lukresia. "Kaishitakini Meatu."

Kicheko kilimponyoka mtu mmoja, kikawaambukiza wawili watatu. Kamanda Mboje hakucheka. Alikuwa akiitazama ile mikono ya mwanamke, akaitazama kwa muda mrefu kuliko shauri lilivyohitaji. Kisha akasema kwa ukali kwamba sungusungu iliundwa kukamata wezi wa ng'ombe, haikuundwa kukamata wanaohesabu, na kwamba shauri hilo limekwisha, na atakayelirudia kisimani atalipa mbuzi yeye.

Bibi Salu alimpokea mkwewe njiani, akampangusa vumbi la gauni kwa kiganja. Nyumbani, choroko ya siku hiyo alimpikia yeye.

*

Msidhani kijiji kilibadilika. Mektilda aliendelea kuwavuta watoto wake Lukresia alipopita. Mvua ilinyesha wiki ya tatu ya Desemba, ikanyeshea wenye kesi na wasio na kesi, na bado wakapatikana waliosema kwamba ameifungua kwa kuogopa kufukuzwa. Lukresia alilisikia hilo, akasonya, akaenda shambani. Aliongoza maksai asubuhi nne mfululizo. Siku ya tano radi ilipiga akiwa amehesabu ishirini tu, akaiacha kamba, akamshika Mahona shati, wakaingia ndani wote wawili, na hakuna aliyemwambia mwenzake mwoga.

Alhamisi moja alipofika josho alikuta baiskeli imeegemezwa ukutani. Kamanda Mboje alikuwa amesimama karibu nayo, bomba la dawa mgongoni, akilichunguza handaki kavu kama mtu anayefikiria kulinunua.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, Kamanda. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu." Alilishusha bomba, akalivaa tena. "Nilikuwa napita na dawa yangu ya kupe."

"Haya."

Lukresia alikuwa na haki ya kumwacha ahangaike, na kwa muda alimwacha. Mtu huyu alikuwa amemsimamisha juani mbele ya watu. Alipanda ukutani, akainua simu, akasubiri mtandao.

"Ukisikia mwano," alisema Mboje nyuma yake, "ule ukelele wa kuita watu kwamba ng'ombe wameibwa, unaona nani anafika wa kwanza siku hizi?"

Lukresia alifikiri. "Vijana."

"Na zamani?"

"Wewe."

"Siku hizi nafika wa mwisho. Hakuna aliyeona, wanadhani ni uzee." Alikuwa anazungumza na baiskeli. "Kuna kijana mmoja tulimkamata na ng'ombe, miaka kumi na miwili iliyopita. Alikuwa analia anasema siyo yeye aliyeiba, na hakutoka mzima mikononi mwetu. Sijui… Mwano ukilia, mikono inakuwa kama ile yako. Nakaa mlangoni hata upinde siwezi kuushika, mpaka ipite."

Lukresia alishuka. Aling'oa karatasi kwenye daftari la Kija alilokuwa amelichukua kuandikia kazi za Specioza, akaandika namba, akampa.

"Asimame hapo juu," alisema, kana kwamba wanamzungumzia mtu mwingine. "Aelekee kaskazini. Siku yangu ni Alhamisi, achague siku nyingine."

Mboje aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Utamwambia mumeo?"

"Nimwambie nini?"

Jioni Mahona aliuliza Kamanda alikuwa anatafuta nini kule josho, maana alimwona akipita. Lukresia alisema alikuwa na dawa ya kupe. Ulikuwa ukweli mtupu, na Mahona akaridhika nao.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari, pamba imefika magotini, mwano ulipolia upande wa mashariki, mchana kweupe. Watu walitupa majembe wakakimbia. Lukresia na Mektilda walikuwa kwenye palizi, mashamba yao yamepakana, mkabala na boma la Kamanda. Walimwona amesimama mlangoni kwake, upinde mkononi, macho mbele, hasogei, midomo ikimcheza.

Mektilda alisimama. Mkono ulimwenda kifuani, tayari kwa alama ya msalaba.

"Mtazame Kamanda," alinong'ona. "Anasema nini yule?"

Lukresia alimtazama. Aliona kifua kikipanda, kikisubiri, kikishuka. Alijua Kamanda alikuwa amefika ngapi.

"Anahesabu watu wake," alijibu. "Endelea kupalilia."

Kamanda Mboje alipandisha upinde begani, akatoka mbio, akawapita vijana wawili kabla ya kufika mtoni.